Mwaitu Ndunge, Uliyenioa

Mwaitu,

Nimeketi kukuandikia na nimeshainuka mara nyingi kabla ya kuufikia mstari huu. Natoka nje, naangalia mbaazi, narudi. Nafunga mlango, naufungua tena. Syombua alipita asubuhi akaniuliza, "Mueni, ni nini? Si kesi iliisha?" Nikamwambia ndiyo, iliisha. Akasema, "Basi keti." Ndiyo hivyo nimeketi, lakini kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Tumeshinda. Shamba limebaki kwetu, mimi na Kavata. Nilidhani siku nitakayokuambia neno hilo nitakuwa nimetulia, nilale hata mchana kama watu wenye mali. Sijatulia. Kila Jumapili baada ya misa nasimama kando ya kaburi lako nakuambia habari kwa mdomo, lakini hizi za sasa haziishi nikiwa nimesimama. Zinataka kalamu.

Huko Nairobi, nitakuambia nilifikaje huko, ilibidi nieleze wewe ulikuwa nani kwangu. Wakauliza, mama mkwe? Nikasema hapana, hakuwa na mtoto wa kiume. Wakauliza, sasa nani? Nikawaambia alikuwa mjane ambaye Mungu hakumpa mtoto, na kwa sisi Wakamba mwanamke kama huyo anaweza kuoa mwanamke mwenzake, ili huyo azae watoto waitwe kwa jina la nyumba ile, na shamba lisichukuliwe na ndugu za marehemu. Anayeolewa hivyo tunamwita iweto. Mimi ni iweto. Alipeleka mbuzi kwa baba yangu, akanileta Wamunyu, nikamwita Mwaitu, yaani mama. Ukumbi wote ukaniangalia. Mwanamke mmoja mbele yangu aliandika kitu haraka, na mimi nikatamani kumwambia angoje kwanza, sijamaliza, hajui ulivyokuwa ukicheka.

Unakumbuka siku niliyofika? Nilikuwa msichana mwembamba mwenye kanga ya kuazima. Kwetu mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Baba alikuwa amekwisha kunywa chai yako na kuwaangalia mbuzi meno. Wewe ulinivuta kando, kwenye kivuli cha ghala, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekubali wewe, ama umekubaliwa?" Ulinitazama muda mrefu, ukasema, "Ingia ule kwanza." Nikala muthokoi mpaka tumbo likauma. Baada ya hapo hukuniuliza tena, na mimi sikukujibu.

Ulinipeleka kusomea ualimu wa nasari wakati ukoo ulitaka nibaki nikizaa. Kavata alipozaliwa wazee walikuja wakiwa wamevaa makoti, wakasikia ni msichana, wakakaa kama watu wa matanga. Ukatoka na mtoto mikononi ukawaambia, "Ni mtu. Kama mlikuja kuona mtu, huyu hapa. Uji uko tayari." Mwingine hakuja, wa kiume wala wa kike. Hukuwahi kuninyooshea kidole. Hata yule mwanaume aliyenipa Kavata, ambaye jina lake si la barua hii, ulimpa chakula na ukamwacha aende zake.

Na redio yako, ile uliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Ukisuka kiondo, uko nayo kando, unasikiliza vita vya watu. Tukichimba mitaro na akina mama wa mwethya, shamba la huyu leo, la yule kesho, wewe ndiye uliyetueleza nani anapigana na nani, na mkutano wa amani umefanyika mji gani. Siku moja ulishika jembe ukasimama, ukasema, "Wanaume wakiketi kugawana maji ya mto, angalia mikono yao. Hakuna aliyewahi kuyabeba." Tulicheka. Mimi nilifikiri unasema juu ya mto wetu tu.

Presha ilikuchukua wakati wa palizi, na palizi ikabaki nusu. Hata sufuria za kukodi za matanga hazijarudishwa, Mutua akaja. Yule mwana wa shemeji yako, ambaye ulimlipia kitanda hospitalini alipovunjika mguu. Alikaa hapa hapa nilipokaa. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Alisema, "Mueni, sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini wewe ni mgeni. Mgeni hupikiwa, halafu husindikizwa." Akasema uliniita nizae kijana na sikuzaa kijana. Akasema Kavata ataolewa aende zake, na shamba la marehemu mumeo Nzioka haliwezi kumfuata mwanaume wa Kisii au wa wapi. Akasema wataniachia mavuno ya msimu ule kwa sababu wao ni Wakristo.

Baadaye akapeleka mambo kortini Machakos, ya mirathi, kwamba wewe hukuacha mke wala mtoto.

Nilipata wakili kupitia ofisi ndogo iliyokuwa ikisaidia wanawake bila malipo. Msichana wa Mwala, mpole, anaandika huku ametoa viatu chini ya meza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na sikuwa nimezoea. Tukaanza vizuri. Halafu siku moja akanipigia simu nikiwa darasani, watoto wanaimba, nikatoka nje kumsikia. "Mama Kavata, samahani sana. Ofisi inafungwa." Nikauliza kwa nini, wameiba? Akasema hapana. Pesa zilikuwa zinatoka serikali ya ng'ambo, na huko uchaguzi umepita, wakubwa wapya wamekata misaada. Nikamuuliza, hao wakubwa wanaijua kesi yangu? Akasema, "Mama, hawajui hata Machakos iko wapi."

Nilienda kuchukua faili langu. Alinifungia karatasi zote ndani ya mfuko wa sukari, akalia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Nilipotoka pale nilitembea mjini bila kujua naenda wapi. Nilipita sokoni, nikapita tena. Nilikuwa nakutafuta, nafikiri. Wewe ungeelewa haraka kwamba mtu anaweza kutia sahihi mahali fulani kwenye baridi, na mlango ukafungwa Machakos. Redio yako ilikuwa imekuambia hivyo miaka yote.

Kavata ana jina la jambo hilo. Anaita siasa ya kimataifa. Ndiyo anayosoma chuoni, na anasoma kwa hasira. Wasichana walipoanza kuuawa na wapenzi wao, mmoja leo, mwingine kesho, alienda barabarani Nairobi na wenzake wamevaa nyeusi, wakapumua moshi wa polisi. Nilimwona kwenye simu ya jirani kabla hajaniambia. Niliogopa, na nikajivuna, sijui kipi kilianza.

Alipokuja nyumbani nikamwambia, wakili hayupo, nitasimama mwenyewe, na yeye atakuwa shahidi wangu. Alikuwa anachambua ndengu. Mikono ikasimama.

"Siwezi kuapa kwamba ile ilikuwa ndoa, Mama."

Nikadhani sijasikia.

"Susu nilimpenda," akasema, kwa jina alilokuita wewe, nyanya yake. "Unajua nilimpenda. Lakini wewe ulitolewa na baba yako kwa mbuzi. Tumbo lako lilitumika kulinda jina la mwanaume aliyekufa kabla hujazaliwa. Halafu nisimame niseme ni sawa? Mimi ninayetembea barabarani kupinga hayo hayo?"

Nilimwambia maneno ambayo mama hasemi. Nikamuuliza hayo maneno yake mazuri aliyasomea kwa karo ya nani. Akasema, "Ya Susu. Najua. Ndiyo maana inauma." Kisha akaniuliza polepole, "Na ungesema hapana siku ile, Mama, ungeenda wapi?"

Nikatoka. Nilifuata mtaro wa juu mpaka mwisho wake, nikarudi kwa wa chini. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa amesema kweli, na nilikuwa na hasira na hiyo kweli kwa sababu haikukujua wewe. Jua lilikuwa kali, nikaendelea kutembea. Nilitaka uje mlangoni uite, "Mueni, acha kuchosha udongo."

Tulikaa siku kadhaa tukisemezana mambo ya chumvi na maji tu. Halafu akapiga simu kutoka chuoni. Kuna mkutano wa wanawake kutoka nchi nyingi, wanazungumza juu ya ardhi na vita na amani, wanataka wanawake wa mashambani waseme wenyewe. Je, naweza kuja? Akaongeza, "Sitaki kukupanga. Nakuuliza." Nikasema nitakuja. Nilivaa ile suti yako ya buluu, nikaipunguza kiunoni.

Walitupa vitu vya masikioni ili tusikie lugha zote. Kuna mwanamke alizungumza vizuri sana juu ya amani, nikasinzia, nisamehe. Halafu akaja mmoja kutoka Sudan, anaitwa Amna. Alikuwa mwalimu Khartoum, sasa anakaa Nairobi na wanawe, Kiswahili chake cha kuokota Eastleigh. Hakuwa na picha za kuonyesha ukutani. Alisema, "Wakitaka kumaliza vita, wanaita wenye bunduki. Sisi hatukupiga mtu risasi, kwa hivyo hakuna anayetuogopa, kwa hivyo hakuna anayetuita." Nyumba yake inakaliwa na wanajeshi. Hati ilikuwa kwa jina la mumewe, na mumewe hajulikani aliko. Hata vita vikiisha kesho, alisema, hajui atabisha hodi kama nani.

Usingizi ukaniisha, Mwaitu. Nilikuwa nikifikiri shida yangu ni Mutua.

Nikaitwa. Nikaeleza kama nilivyokuambia. Nilipomaliza mwanamke mmoja wa Ulaya, mwenye sauti nzuri, hakuwa na ubaya wowote, akauliza kama katika ndoa ile nilikuwa mwathiriwa au nilikuwa huru. Swali likapita masikioni mwangu kwa Kiswahili safi cha mkalimani. Mwathiriwa au huru. Nikamwangalia Kavata, naye alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kama wengine.

Nikasema, "Nilikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka. Nikasema na Mwaitu alikuwa na hofu. Mimi nilitolewa kwetu kwa sababu ya njaa, na yeye angetolewa kwake kwa sababu hakuwa na mwana. Hakuna kati yetu aliyeweka sheria kwamba mwanamke bila mwana hana shamba. Yeye alitafuta mlango kwenye ukuta ambao hakuujenga, na alipoupata akanipitisha na mimi, bila kujua kama ninataka. Kisha akanisomesha. Vyote viwili ni kweli na siwezi kumpa yeyote kimoja akae nacho bila kingine. Nikarudi kuketi. Amna alinishika mkono mpaka kikao kikaisha.

Tuliposhuka Kyumbi kungoja gari la nyumbani, Kavata alinunua mahindi ya kuchoma, akanikatia nusu. Akasema, "Nitakuja kortini. Lakini nitasema yote, hata yasiyopendeza." Nikamwambia aseme yote. Nilikuwa nimechoka kubeba nusu.

Siku ya kesi, Syombua alileta mwethya wote. Sikuwaomba. Walikuja na leso zao za kazi, wakajaza viti vya nyuma, wakaambiwa wasiongee wakanyamaza kama kanisani. Wazee wawili waliokula nyama ya ntheo, wale mbuzi wa kukamilisha ndoa, walisimama wakasema hawakumbuki kama mbuzi walichinjwa. Walikula mpaka mafuta yakashuka kwenye viwiko, Mwaitu, na hawakumbuki. Syombua akasimama. Wakili wa Mutua akamuuliza kama yeye alikula ile nyama.

"Sikula. Nilipika."

"Kwa hivyo hukuwa shahidi wa ndoa, mama. Ulikuwa jikoni."

"Bwana wakili," Syombua akasema, "hiyo ndoa ilipita jikoni yote. Huko nje walikuwa wanangoja kuletewa."

Hakimu aliinamisha uso akaandika. Nilitaka kucheka na nikaogopa kwamba nikicheka nitalia.

Halafu Kavata. Alivaa gauni jeusi na nywele amezifunga nyuma. Yule wakili alikuwa amejitayarisha kwake, nikaona. Alimuuliza kwa upole kama ni kweli anapigania haki za wanawake. Ni kweli. Kama ni kweli aliandamana. Ni kweli. "Basi utuambie, binti, kwa imani yako hiyo, desturi ya kutoa msichana kwa mbuzi ili azalie watu watoto ni desturi nzuri?"

"Hapana," Kavata akasema.

Nilisikia viti vya nyuma vikilia.

"Ni desturi ya kumkandamiza mwanamke?"

"Ndiyo."

Wakili akamgeukia hakimu kama mtu aliyemaliza kazi. "Na bado mnaomba mahakama hii iitambue."

Kavata alishika ubao wa kizimba. Akasema, "Mama yangu hakuulizwa vizuri alipoletwa. Ukoo huu ndio ulioshuhudia, ukala, ukamwita mke alipolima, ukamwita mke alipouguza wazee wenu. Sasa mnataka kutumia ule ubaya kwa mara ya pili. Mara ya kwanza kumleta, mara ya pili kumfukuza. Mkitaka kuimaliza hiyo desturi, imalizeni kwa kuwapa wanawake ardhi. Msiimalize juu ya mgongo wa mama yangu."

Kisha akasema, bila kuulizwa na mtu, "Na Ndunge alikuwa nyanya yangu. Alinibeba. Naapa juu ya hilo."

Mutua alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hukumu ilisomwa baada ya kuahirishwa na kuahirishwa. Hakimu alisema ndoa ilikamilika kwa mila ya Wakamba, na mimi ni wa nyumba yako. Tena akasema Kavata ni mtoto wa nyumba ile, na sheria ya nchi haiulizi kama mtoto ni msichana. Wanawake wa mwethya walitoka nje kwanza, wakaenda mpaka chini ya ule mti wa jakaranda, ndipo wakapiga vigelegele. Mimi sikuweza. Nilisimama na mfuko wangu wa sukari. Mutua alipita karibu akasema, "Mmetuaibisha mbele ya watu." Nilimwangalia akienda. Mguu wake ule bado unachechemea.

Ungedhani sasa nalala. Sasa kila siku kuna mtu mlangoni. Mjane kutoka Ekalakala alifika na mtoto mgongoni, amesikia kuna mwanamke aliyemshinda shemeji. Nikamwambia sijasoma sheria, akasema hajali. Yule wakili wetu mpole sasa anauza nguo mtumba Machakos, anasaidia kwa simu akipata nafasi. Kavata na Amna wanaandikiana. Kuna mazungumzo mengine ya amani ya Sudan, mji mwingine, na wanawake wameambiwa watangoja chumba cha pili. Napika, nafundisha watoto herufi, napalilia ule upande uliouacha, na kichwa hakikai. Najiuliza tumeshinda nini, kama kila mmoja lazima ashinde peke yake, kesi kwa kesi, jikoni kwa jikoni. Nakasirika na wewe pia siku nyingine. Kisha naona kikapu chako kwenye msumari na hasira inakosa pa kukaa.

Halafu juzi adhuhuri alikuja Mutindi, mke wa Mutua. Alijifanya amekuja kuazima ungo. Akaushika mlangoni, hakuondoka.

"Mama Kavata," akasema, "ni kweli walisema msichana anarithi kama kijana?"

"Ni kweli."

"Hata kama baba yake hataki?"

Nikamvuta ndani. Yeye ana wasichana watupu, unawajua, yule mdogo ulimpa jina. Mutua ameanza kusema anataka mke mwingine wa kumzalia kijana, na kwamba shamba la mto litaandikwa kwa huyo kijana asiyezaliwa. Mutindi hakulia. Alikunja na kukunjua upindo wa leso, akaniambia hajui kwa nini amekuja kwangu, kati ya watu wote. Mimi nilijua. Nilimkoroga uji akanywa wote.

Basi ahadi yangu ni hii, Mwaitu, na naiandika ili nisiweze kuikana. Jumamosi wazee wanakutana kwa Mutua kuzungumza juu ya nyumba ya Mutindi. Sisi wanawake hatukualikwa. Nimeshamwambia Syombua, naye ameshawaambia mwethya, na Kavata anakuja Ijumaa. Tutaenda. Wakituuliza nani ametuita, Mutindi amesema atajibu mwenyewe. Wakisema hakuna mahali pa kukaa, kila mmoja anakuja na kiti chake.

Koma nesa, Mwaitu. Lala vizuri. Mimi sitalala kwanza, na sasa naona si ugonjwa.

Wako,
Mueni